Nimefikishwa asilimia 100, na rufaa ya TDIU imefungwa: niiache?

Askari Mstaafu: Ndugu wanajamvi, salaam. Nilihudumu katika Jeshi la Marekani, na Juni 2021, nikiwa nimepimwa na Idara ya Maveterani ulemavu wa asilimia 70 kwa PTSD, yaani maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe, niliomba TDIU, yaani kulipwa kama mwenye asilimia 100 kwa kuwa maradhi ya utumishi hayaniruhusu kushika kazi. Nikakataliwa, nikakata rufaa. Rufaa ikiwa bado inasubiri, nimekubaliwa pia 50 ya kipandauso, 50 ya kukatika pumzi usingizini na 40 ya mgongo, na kwa hesabu ya idara ya kujumlisha nimefika 100 kuanzia Machi 2023. Barua inasema rufaa haina tena cha kuamuliwa. Mashemeji wanasema nishukuru nitulie. Nitulie?

Mama Neema: Hongera sana, kaka. Mimi ningetulia, faili lililokwisha kukubaliwa halichokonolewi.

Karani wa Zamani: Hofu ya Mama Neema naielewa, ila rufaa hii haiombi kiwango kipya. Kwanza, 100 inaifuta TDIU kwa kipindi inachokihusu tu, kwa hiyo miezi ya Juni 2021 hadi Machi 2023 bado ina madai. Pili, na hapa ndipo wengi wanapoacha fedha mezani, katika kesi ya Bradley dhidi ya Peake ya 2008 Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani ilikubali kwamba TDIU inayosimama juu ya ulemavu mmoja inaweza kumfungulia mtu malipo maalumu ya ngazi ya S, mradi awe na ulemavu mwingine, mmoja au zaidi kwa pamoja, ulio mbali na ule, unaofika asilimia 60. Hiyo 100 yako ni ya mjumuisho, haihesabiwi kuwa ulemavu mmoja. Lakini ikithibitika kwamba PTSD peke yake ndiyo iliyokutoa kazini, hayo maradhi mengine matatu yanaivuka 60 kwa mbali, na nyongeza yake inazidi dola 400 kwa mwezi. Mwajiri wako wa mwisho aliandika nini?

Askari Mstaafu: Msimamizi wa ghala aliandika kwamba nilikuwa nikigombana na wenzangu na kuondoka katikati ya zamu. Mgongo hakuutaja.

Karani wa Zamani: Basi karatasi hiyo itangulie mbele ya nyingine zote. Sasa tazama barua imetoka wapi: ikiwa ni uamuzi wa Bodi ya Rufaa, una siku 120 za kwenda mahakamani, ikiwa ni ya ofisi ya eneo, una mwaka mmoja. Mwone mwakilishi aliyeidhinishwa wiki hii, na umtajie Bradley kwa jina.