Tupeane uzoefu: kalibu ipi ya mishumaa imekukubali, na ipi imekutesa?

Mwanzisha mada, Morogoro
Ndugu wanajamvi, nilianza kutengeneza mishumaa nyumbani kwa kutumia kopo la maziwa ya unga, kwa sababu lilikuwepo na lilionekana imara. Nta iliganda vizuri, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kopo lile lina mikunjo ya mviringo ubavuni, na kila mkunjo umeung'ang'ania mshumaa kama pete kwenye kidole kilichovimba. Nililikata kwa mkasi wa bati, nikajikata na kiganja. Tangu siku hiyo, kabla sijamimina chochote, hupitisha kidole ndani ya chombo na kujiuliza mshumaa utatokaje. Naomba kila mmoja aeleze alichotumia.

Mchangiaji, Tanga
Natumia bomba la maji la plastiki la inchi 1, lililokatwa vipande vya sentimita 20. Mwanzoni nilipasua kila kipande nikapata nusu mbili, nikidhani ndiyo njia rahisi. Lakini msumeno hula kiasi cha plastiki kila unapopita, hivyo nusu hizo zikirudishwa pamoja hazifanyi duara kamili, na mshumaa hutoka bapa. Sasa napasua upande mmoja tu, nalifunga bomba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka ufa ufumbe, na nta ikishaganda nafungua mpira na kuutanua ufa taratibu kwa bisibisi. Chini naziba kwa unga wa ngano uliokandwa, nikiuacha utambi upite katikati. Juu utambi hufungwa kwenye kijiti cha mshikaki kilicholazwa mdomoni mwa bomba. Angalieni joto: plastiki hiyo huanza kulegea inapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali parafini ninayonunua huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumimina nta inayofuka moshi.

Mchangiaji, Bukoba
Kwetu bomba si lazima. Bua la jani la mpapai lina tundu ndani, na ukilikata vizuri upande wa jani hubaki na kizibo chake cha asili, unachokitoboa kwa sindano ili kupitisha utambi. Bua bichi lina unyevu, kwa hiyo nta haigandamani nalo, na mshumaa ukishapoa unalimenya kama muwa. Hata hivyo, maji yakibaki ndani, nta hujaa vitundu. Hivyo mimi huyasimamisha mabua kichwa chini usiku mzima kabla ya kumimina. Mishumaa hutoka imepinda kidogo, na sijaona mteja aliyeirudisha kwa sababu hiyo.

Mchangiaji, Dodoma
Pakiti ya juisi, basi. Unaichana na kuitupa. Ubaya wake ni kwamba ubavu hufura pakiti ikijazwa, kwa hiyo ifungwe kamba mahali pawili.

Mchangiaji, Mombasa
Nilitumia glasi ya chai, nikaiweka kwenye friji ili nta igande haraka. Glasi ilipasuka, na mshumaa nao ukawa na nyufa tele. Isitoshe, hata mishumaa niliyoiacha ipoe yenyewe inatoka na shimo kando ya utambi. Je, kosa ni la kalibu?

Mchangiaji, Tanga
Hapana, dada. Parafini husinyaa inapopoa, na katikati ndiko hupoa mwisho, kwa hiyo shimo hujitokeza hapo katika kalibu yoyote. Bakiza nta kidogo. Utando ukishajifanya juu, toboa kando ya utambi na ujazilize. Nta ya akiba iyeyushwe ndani ya sufuria iliyokaa kwenye sufuria ya maji, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja, na ikishika moto ifunikwe, isimwagiwe maji.

Mwanzisha mada, Morogoro
Nimejaribu bomba la ndugu yetu wa Tanga. Jioni niliziba kalibu 12, nikazipanga wima kwenye trei yenye mchanga, nikakusudia kumimina alfajiri. Nilimimina, na nta yote ikaishia mchangani, kwa kuwa panya walikwisha kula unga wa kila bomba usiku. Mwenye kuziba kwa kitu kisicholiwa atujulishe.

Mchangiaji, Bukoba
Udongo wa mfinyanzi.