Naomba ushauri: laisini na methionini kwa kuku wa nyama

Ndugu wafugaji, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kuku wangu wa nyama wanakula mahindi na soya. Nilipunguza soya kidogo, nikaziba pengo kwa laisini na methionini za unga, ambazo ni amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Maranda sasa yanabaki makavu na harufu ya amonia imepungua, jambo linalonifurahisha sana. Ila manyoya ya mgongoni yanachelewa kuota na uzito umeanza kubaki nyuma. Maji, joto na chanjo nimekagua, viko sawa. Kuongeza methionini naogopa, maana ikizidi kuku hupunguza kula.

Je, yawezekana sasa kinachopungua ni amino asidi nyingine, kama threonini au valini? Na nikiongeza, nipime kwa uwiano na laisini, au kwa kila kilo ya chakula?