Kusaka vifusi vya migodi ya zamani Kanda ya Kati: picha za ndege, Corona, Landsat au droni?

MchoraRamani_Dom
Wakuu, naomba tulinganishe. Niko Dodoma, naandaa ramani ya mabaki ya migodi ya zamani, nikianza na Sekenke kule Iramba. Mgodi ule ulianza enzi za Mjerumani, 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916. Nataka kila lundo la magwangala (mawe taka ya mgodi) na kila bwawa la marudio (unga wa mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu) liwe na mpaka kwenye ramani kabla mtu hajachimba kisima juu yake.

Wazo limetoka kwenye makaa ya mawe. Aberfan, Wales, mwaka 1966, lundo la kifusi cha makaa liliporomokea shule na nyumba, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo jingine likateleza Tylorstown Februari 2020, ndipo serikali yao ikaamua kuorodhesha malundo yote yaliyoachwa. Yamezidi 2,500. Tangu nisome hayo najiuliza ya kwetu yako wapi.

Nina njia nne mezani: picha za ndege za miaka ya 1940 na 1950, picha za setilaiti za kijasusi za Corona, picha za setilaiti za kiraia za Landsat na Sentinel, au droni. Fedha ni kidogo. Mngeanza na ipi?

PikseliMoja
Mkuu, anza na Corona. Zilipigwa na Marekani kati ya 1960 na 1972, zikaondolewa kwenye siri mwaka 1995. Zile za kamera ya mwisho, KH-4B, zinaonyesha kitu cha takribani mita 2. Filamu iliyokwisha kuskaniwa unaipakua bure, ambayo bado unalipia dola 30 kwa fremu.

Landsat iache kwa kazi hii. Ya kwanza ilirushwa 1972 na pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ilikuwa kama mita 80, kwa hiyo lundo la mita 60 linazama lote ndani ya pikseli moja. Sentinel-2, iliyoanza 2015, ina mita 10. Hiyo itakusaidia kujua leo ni wapi majani yamegoma kuota, basi.

MpimaMstaafu
Kijana wangu, PikseliMoja amesema kweli kuhusu bei, lakini kuhusu kazi yenyewe sikubaliani naye. Kamera ya Corona ilikuwa inafagia ardhi kutoka upande hadi upande, hivyo picha inajivuta pembeni na kuinyoosha ni taabu. Tena kufikia miaka ya 1960 lundo la zamani linaweza kuwa limeshaliwa na mvua au limeota miti. Picha ya ndege ya miaka ya 1940 inalikuta likiwa bado bichi.

Hesabu ni hizi. Ndege ikiruka mita 6,100 juu ya ardhi na lenzi ya milimita 152, unapata skeli ya 1:40,000. Lundo la mita 40 litakuwa milimita moja kwenye karatasi. Dogo, ndiyo. Skani kwa dpi 1,200 (nukta kwa kila inchi) na kila pikseli itakuwa chini kidogo ya mita moja ardhini. Usitumie nakala ya fotokopi wala picha iliyopigwa kwa simu.

Na jambo linalonifanya nizipende picha hizi kuliko zote: kila picha inaingiliana na inayofuata kwa asilimia 60. Weka mbili chini ya stereoskopu, kifaa cha kutazama picha mbili kwa pamoja, ardhi inainuka. Bwawa la marudio lina kilele bapa na kingo zilizonyooka kuliko kilima chochote alichoumba Mungu. Magwangala yatakuwa mdomoni mwa shimo, yametandazwa kama vidole kufuata njia ya vitoroli. Umbo na kimo ndivyo vitakavyokuambia ni nini. Rangi peke yake itakudanganya.

Kuhusu kuzipata, anzia idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, uko nayo mji mmoja. Picha za ile idara ya Uingereza ya kupima makoloni, iliyoundwa 1946, zimehifadhiwa Edinburgh, Uskoti. Usiende GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini) hapo Dodoma bila kuuliza ripoti za zamani za jiolojia pia. Mchoro wa mgodi ukiuweka kando ya picha unakuokolea miezi.

ShangaziWaShelui
Kaka, mimi ni wa huku huku. Hilo la rangi alilosema mzee lishike sana. Marudio ya dhahabu ni meupe kwenye picha nyeusi na nyeupe, lakini huku kila kitu ni cheupe! Mchanga wa korongo ni mweupe, zizi lililohamwa ni jeupe, njia ya ng'ombe ni nyeupe, chumvi ikikauka bondeni Wembere ni nyeupe.

Halafu ujue marudio hayakai mahali pamoja. Wachimbaji wadogo huyabeba na kuyachenjua upya. Palipokuwa na lundo leo unaweza kukuta shamba la alizeti, na lile lundo liko kwenye kijiji kingine. Picha ya zamani itakuonyesha lilipoanzia, lakini lilikohamia uwaulize wazee na wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe.

JiolojiaNaMaji
Shikamoo mzee. Naongeza kwa MchoraRamani: usichukue alama za makaa ukazileta Iramba. Makaa yetu yako kwenye miamba ya Karoo kusini magharibi, Kiwira, Mchuchuma na Ngaka. Kanda ya Kati ni miamba ya kale zaidi, haina makaa. Kifusi cha makaa ni cheusi pichani, chaweza kushika moto chenyewe, na kikiwa na pairaiti (madini ya chuma na salfa) kikikutana na hewa na maji kinatoa asidi. Marudio ya Sekenke ni meupe, na hofu yangu huko ni zebaki na arseniki, ambazo hakuna kamera ya ndege wala ya setilaiti itakayokuonyesha. Picha ikuelekeze pa kuchukua sampuli za udongo na maji, na uanze na visima vilivyo upande wa chini wa mteremko.

MchoraRamani_Dom
Asanteni sana. Nimekubali: picha za ndege ndizo msingi, Corona izibe miaka inayokosekana. Mzee, nyumba na barabara za wakati ule hazipo tena. Picha hizo nitazifungaje kwenye kuratibu za leo?

MpimaMstaafu
Tumia mawe. Vilele vya majabali havijahama, navyo Singida imejaliwa. Chagua sita au zaidi vinavyoonekana kwenye picha na ardhini, vilivyotawanyika hadi kwenye kona, kisha nenda navyo na GPS.

Na sikiliza hili kwa makini. Ramani zetu za zamani ziko kwenye datamu (msingi wa kupimia kuratibu) ya Arc 1960, GPS yako inasoma WGS84. Ukisahau kubadilisha, lundo lako linaruka takribani mita 300, na kisima unachotaka kukilinda kitaonekana salama wakati kiko katikati ya marudio. Kwenye gridi ya ramani ya UTM, Sekenke iko kanda ya 36 kusini. Kazi ikija kuvuka mashariki ya jiji la Dodoma utaingia kanda ya 37, angalia usichanganye.

PikseliMoja
Nakubali hoja ya stereo. Ila droni msiitupe. Picha za zamani zikishatoa umbo la ardhi, rusha droni juu ya malundo machache uliyothibitisha, utoe umbo la sasa, kisha toa moja kwenye jingine. Tofauti ndiyo ujazo wa kifusi kilichoondoka. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiombe mapema.

ShangaziWaShelui
Na uje kabla ya Novemba. Mvua ikishaanza, tope la Wembere halipitiki hata kwa pikipiki. Pita kwanza ofisi ya kijiji ujitambulishe, watu wa huku wakiona mgeni anapima ardhi wanadhani leseni imeuzwa.