Kompyuta mpya inawaka, lakini skrini haionyeshi picha

Swali: Ndugu wataalamu, nimeunganisha kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha na ubao mama wa B450, feni zinazunguka, ila skrini imebaki nyeusi. Nianzie wapi?

Jibu: Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, kwani prosesa hiyo haitoi picha yenyewe. Kisha zima umeme, ubakize kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na ukikandamize mpaka kibane.

Muulizaji: Nimefanya yote, bado.

Jibu: Basi naishuku BIOS, yaani programu ndani ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Mbao za B450 zilitoka 2018, prosesa yako 2022, hivyo toleo la zamani haliitambui. Kama ubao una kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, kitumie. Vinginevyo, tafadhali mwone fundi mwenye Ryzen ya zamani, aiweke kwa muda ili asasishe BIOS.