Nataka kuandika tasnifu ya Vita ya Kagera, naambiwa niwaachie wanajeshi

MwanaMuleba

Habari za jioni wakuu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Nataka kuandika Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ila siyo habari za nani aliongoza brigedi gani. Nawataka waliopika, waliobeba, waliozika na waliobaki nyumbani wakisubiri. Nikipeleka andiko naambiwa historia ya vita ni ramani na mishale, kazi ya wanajeshi wenyewe. Nimekua nikipita kando ya makaburi ya mashujaa pale Kaboya, halafu darasani vita ile ilikuwa aya mbili tu. Nianzie wapi?

Mpitanjia

Mkuu, badili mada. Nyaraka za jeshi hazitoki kirahisi, utazeeka unasubiri kibali. Andika Maji Maji, vitabu vimejaa.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mpitanjia, Maji Maji ina vitabu kwa sababu kuna watu hawakusubiri nyaraka. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walirudi makwao na madaftari, wakakaa na wazee waliokumbuka vita ya 1905 hadi 1907. Maandishi ya wakati ule yalikuwa ya maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Wazee ndio waliosimulia shamba la pamba la kulazimishwa, maji ya dawa ya mganga Kinjikitile kule Ngarambe, na njaa iliyoletwa na kuchomewa vyakula, ambayo iliua wengi kuliko risasi. Kazi ile ilikuwa na kasoro, ilitamani mno kuliona taifa moja likiinuka wakati kila upande ulikuwa na sababu zake. Lakini bila madaftari yale tungebaki na sauti ya mtawala peke yake.

Sasa piga hesabu, mwanangu. Aliyekuwa na miaka 20 vita ya Kagera ilipoanza alizaliwa 1958. Huyo unamsubirisha kibali gani?

Ukimpata, usimuulize "vita ilikuwaje". Atakusomea hotuba ya Mwalimu Nyerere, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na mazungumzo yameishia hapo. Muulize alikula nini siku aliyovuka mto, maana daraja la Kyaka lilikuwa limeshavunjwa na majeshi ya Amin na mvua zinanyesha. Muulize viatu. Muulize lori lililombeba lilikuwa la nani, kwa sababu magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari, na dereva alikuwa mwanajeshi au raia aliyekutwa kwenye usukani? Mama mmoja jirani yetu alikimbia kutoka ng'ambo ya mto na watoto. Risasi hakuzizungumzia kabisa. Alizungumzia ng'ombe walioswagwa kwenda Uganda, akitaja rangi ya mmoja mmoja na nani alikuwa na ndama.

Ila vita yenyewe usiikimbie. Wapo wasomi wanaoandika "vita na jamii" mpaka bunduki inapotea kwenye maandishi yao. Hofu ya mtu aliyelala handakini hutaieleza kama hujui kuwa BM-21, mitambo ya roketi juu ya lori ambayo Waganda waliiita Saba Saba, inafyatua roketi 40 kwa mkupuo. Na ufike mpaka Masaka. Tuliiteka Februari 1979, askari wetu wakaubomoa mji kulipiza ya Kagera. Nalipenda jeshi letu, na ndiyo maana nataka hilo nalo liandikwe na Mtanzania.

Nalubega wa Masaka

Mzee asante kwa kulisema. Ndugu MwanaMuleba, vuka Mutukula uje. Huku wazee wengine walishangilia Amin kuondoka na nyumba zao zimebomolewa wiki ileile. Wanayasema yote mawili kwa pamoja, usiwachagulie moja.

MwanaMuleba

Shikamoo Mwalimu. Dada Nalubega, nitakuja. Swali moja tu: nianze na nani, na mzee akilia nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Anza na mgambo. Makamanda walishahojiwa na magazeti. Mgambo alirudi shambani akashika jembe. Barua ya chuo ipeleke kwa katibu tawala wa mkoa, kisha kwa mtendaji wa kijiji, usiruke ngazi. Nenda asubuhi, mjukuu wake awepo. Akilia, zima kinasa sauti na ukae naye, usiage haraka. Rudi siku nyingine akikuruhusu.

Masimulizi yake yakishafika Kampala, Aprili 1979, watafiti wengi hufunga daftari. Wewe endelea. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Muulize sabuni alipata wapi, chumvi je, na watoto walivaa nini. Tarehe zikimchanganya usimbane. Muulize kahawa ilikuwa imeshavunwa au bado, hapo atakupa mwezi bila kukosea.