Hewa ya kompresa inanichezea kwenye bunduki ya poda: niibane wapi?

Turneri_Kampemba aliandika:

Jambo wazee, jambo bandugu wote.

Mimi ni turneri (fundi wa kukereza chuma), karakana yetu iko Kampemba, hapa Lubumbashi. Kazi inayotulisha ni shafti za pampu zinazotoka migodini: kiti cha rulma (beringi) kimelika, au pale tresi (kamba ya kuzuia maji) inapokaa pamechimbika mpaka ukucha unazama. Tulizoea kujaza kwa arki (kuchomelea kwa umeme) halafu tunakereza, lakini shafti ndefu zinapinda kwa joto. Bosi akanunua bunduki ya poda iliyokwisha kutumika, inayoyeyusha poda ya metali kwa mwali wa oksijeni na asetileni na kuirusha juu ya chuma, kikombe cha poda kiko juu na mlango wa hewa ya kompresa uko pembeni. Haikuja na karatasi yoyote.

Kinachonisumbua ni hewa. Asubuhi tangi likiwa limejaa, safu za kwanza zinatoka safi, rangi moja, na kisu kikipita kinakata bila kuruka. Baadaye mambo yanageuka. Mwali unapanuka, shafti inapata moto mpaka inataka kuwa bluu. Nikifungua robine ya hewa zaidi, poda inakaa chembechembe, ukipitisha ukucha zinadondoka. Juzi safu nzima ilibanduka wakati wa kukereza, mteja akiwa amesimama palepale.

Kompresa ni ya pistoni, tangi la lita 200, kibandiko kinasema lita 360 kwa dakika. Inawaka presha ikishuka bar 6, inazima kwenye 8. Tunatumia pamoja na kijana wa matairi aliye mbele ya lango na fundi rangi wa nyuma. Detanda (kipunguza presha) iko kwenye tangi, nimeiweka bar 4. Kutoka hapo kuna mpira wa milimita 6 ndani, urefu kama mita 20, mpaka kwenye bunduki.

Kuna mtu anataka kutuuzia kipimo cha mtiririko cha elektroniki, kwa bei ambayo bosi akiisikia anakohoa. Ninunue hicho? Kompresa kubwa? Au kuna namna ya kuidhibiti hewa kwa vitu tulivyo navyo?

Kijana_Ruashi alijibu:

Yaya, pandisha detanda hadi 7 umalize. Poda inataka nguvu. Na kompresa ikishindwa, si ufunge mpira wa oksijeni pale pa hewa? Chupa unazo tayari.

Papa_Poda alijibu:

Kijana wa Ruashi, hilo la oksijeni lifute kabla mtu hajalijaribu. Mpira uliopitisha hewa ya kompresa una mafuta ndani. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta, moto unaanza bila kiberiti, na unaanzia mkononi mwako. Hewa ni hewa, oksijeni ni oksijeni.

Sasa wewe turneri, mwanangu. Miaka mingi nilikuwa kwenye karakana ya matengenezo ya mgodi, upande wa kupuliza metali, na kila mgeni alifika na wazo hilohilo la kwamba hewa ndiyo inayofanya kazi. Inatokana na bunduki ya waya. Kwenye waya ni kweli: ncha ya waya inayeyuka, hewa inairarua iwe matone na kuyarusha. Max Schoop, Mswisi aliyeanzisha mambo haya karibu 1910 (mwaka mji wetu unaanza), naye alianza kwa kutawanya metali iliyoyeyushwa kwa gesi yenye presha. Lakini poda yako imekwisha kusagwa kiwandani. Haihitaji kuraruliwa. Kwenye bunduki yako hewa ina kazi mbili tu, kuubana mwali ili uende umenyooka na kwa kasi zaidi, na kuipooza shafti isipate moto kupita kiasi.

Usidhani ni mbabula (jiko la makaa), kwamba ukipepea zaidi makaa yanawaka zaidi. Mwali wako umekwisha kupata oksijeni yake kutoka kwenye chupa. Hewa unayoongeza inaupooza, na robo tatu na zaidi ya hewa hiyo ni nitrojeni ambayo haisaidii chochote. Ukizidisha, chembe inapita kwenye mwali haraka, inafika kwenye shafti ngumu bado, inagonga na kukaa juu bila kutandazika. Hizo ndizo unazoziondoa kwa ukucha. Ukipunguza mno, mwali unapanuka, shafti inachemka, inatanuka, unaipaka ikiwa nene, kisha inapoa na kusinyaa chini ya safu. Safu inabanduka. Kwa hiyo una magonjwa mawili katika kazi moja, na unayapata kwa zamu kwa sababu hewa yako haitulii.

Unasema bar 4. Bar 4 ya wapi, na robine ikiwa wazi au imefungwa? Detanda inashika presha, haishiki kiasi cha hewa kinachopita. Robine ikiwa imefungwa, manometa (kipimo cha presha) itakuonyesha 4 hata mwisho wa mpira mwembamba kama utepe. Fungua, ndipo utaona ukweli. Kwa hewa ileile, mpira wa milimita 6 unakula presha zaidi ya mara kumi kuliko wa milimita 10, na wewe umeuvuta mita 20. Funga manometa kwa kiungo cha T palepale nyuma ya bunduki, fungua hewa kama unavyofanya kazi, soma. Kisha mwambie kijana wa matairi aanze kujaza tairi, usome tena. Utuandikie hapa.

Kuhusu kompresa, lita 360 za kibandiko ni hewa ambayo pistoni inafagia, si inayotoka. Kompresa ndogo ya pistoni hutoa theluthi mbili hivi, basi weka 240. Na tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, kila lita inayovutwa ina hewa pungufu kwa asilimia 13 au 14 ukilinganisha na pwani. Bunduki peke yake ingeweza kutosheka. Bunduki, tairi na rangi kwa pamoja, haiwezekani. Asubuhi unakula akiba ya tangi, ndiyo maana safu za kwanza ni nzuri.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Tafuta tangi dogo, hata la kompresa iliyokufa, mradi halijaliwa na kutu na lina vali yake ya usalama. Liweke karibu na mashine yako, ulilishe kutoka kwenye kompresa kupitia klapeti (vali) ya njia moja. Kijana wa matairi akifungua, anavuta kwenye tangi kubwa, hewa yako hairudi nyuma. Detanda iondoe kwenye kompresa uilete huku, baada ya tangi dogo, na uiache chini ya bar 6 kwa umbali wa kutosha. Ukiiweka karibu na 6, kila kompresa inapongoja kuwaka detanda haina cha kupunguza, na hewa inapanda na kushuka pamoja na mota. Kutoka detanda hadi bunduki weka mpira wa milimita 10, mfupi.

Na kipimo cha elektroniki mwachie mwenyewe. Wewe ni turneri. Kereza kijiti cha shaba ya njano, toboa tundu la milimita 2.5 katikati, kingo safi bila mikwaruzo, ukifunge baada ya detanda, mfano wa jikleri ya kabureta (kile kijiti chenye tundu linalopima petroli) ila kubwa zaidi. Presha ya kabla ya tundu ikiwa angalau mara mbili ya ile ya baada ya tundu, zote mbili ukizijumlisha na presha ya hewa ya nje, hewa ndani ya tundu inafikia kasi ya sauti na haiwezi kuzidi hapo. Kuanzia hapo, mpira ukijikunja kidogo huko mbele au pua ya bunduki ikianza kuziba, kiasi kinachopita hakibadiliki. Kinafuata presha ya detanda peke yake. Kwa tundu hilo na bar 4 unapata karibu lita 250 za hewa ya nje kwa dakika. Ukitaka zaidi au kidogo, unageuza detanda tu na kuandika namba ukutani. Hii ni kwa hewa peke yake, kwenye gesi za chupa usiingize kitu ulichotoboa mwenyewe.

Mvua zimeanza, kwa hiyo sikiliza na hili. Hewa ya Januari hapa, nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80, ina gramu 18 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ukiibana mara kumi na ikapoa tena, inaweza kubeba gramu 2 na kidogo. Zilizobaki ni maji, na yanaenda kwenye mpira wako. Filta uliyoifunga palepale kwenye kompresa haishiki mengi, kwa sababu hapo hewa bado ina moto na maji bado ni mvuke. Iweke karibu na bunduki, kabla ya detanda, na tangi umwage kila asubuhi. Kisha puliza hewa kwenye karatasi nyeupe kwa dakika moja. Ikiwa na doa la mafuta au maji, siku hiyo usipulize poda, na hata mchanga wa kukwaruza chuma kabla ya poda usipige, maana mchanga nao unapigwa kwa hewa hiyohiyo.

Fundi_Likasi alijibu:

Papa, nimesoma kama mwanafunzi. Mimi nafunika mabomba na vifuniko vya matangi kwa poda ya plastiki, bunduki ya propani. Nilipojaribu kupunguza hewa ili "mwali ushibe", poda ilitoka ya kahawia, inanuka, ina malengelenge. Kwetu sheria ni ileile?

Papa_Poda alijibu:

Hapana, kwenu karibu ni kinyume. Kwenye bunduki ya plastiki hewa inabeba poda katikati na kutengeneza ukuta kati ya poda na mwali. Ukiipunguza, ukuta unaanguka na polietileni inaungua kabla ya kufika. Ninyi pasheni chuma kwanza mpaka poda iyeyuke kwa joto la chuma chenyewe, mwali uwe msaidizi. Lakini kuhusu kushika hewa isiyotikisika, tangi dogo na tundu ni vilevile.

Turneri_Kampemba alijibu:

Papa, aksanti sana. Nimefunga manometa kwenye T. Robine imefungwa: bar 4. Robine wazi: 1.6. Kijana wa matairi alipochomeka: chini ya 1, na mwali nikauona ukinenepa kwa macho yangu. Bosi alikuwa pembeni, hakusema kitu, akaenda kutafuta mpira wa 10.

Kijiti cha shaba nimekereza jana jioni. Tangi dogo tumepata, kutu ni ya nje tu, ndani tumemulika ni safi, na vali ya usalama inafyatuka. Swali langu: bila kitabu cha bunduki nitajuaje hewa ipi ndiyo yenyewe? Na klapeti ya kompresa ya zamani inafaa?

Papa_Poda alijibu:

Chukua kipande cha bomba la unene wa shafti yako, ukipige mchanga, ukifunge kwenye mashine kizunguke. Washa mwali hewa ikiwa imefungwa, usawazishe, bila poda. Pitisha mwali mpaka kipande kifike nyuzi 90 hadi 120. Usiruke hatua hiyo, mwali wenyewe unatoa mvuke, na chuma baridi kikipitiwa mara ya kwanza kinatoka jasho. Halafu fungua hewa polepole mpaka uone mwali unajikusanya na kunyooka, sauti inapanda. Hapo ndipo poda, na poda iwe ya mwisho daima. Pua ya bunduki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kipande.

Anza na detanda chini, bar 2.5, upake urefu wa kidole. Ongeza nusu bar, upake kidole kingine pembeni. Endelea hivyo. Kisha vunja kwa patasi na utazame kingo kwa lenzi. Palipozidi hewa utaona chembe za duara zimekaa nzima. Palipopungua, safu ni nyeusi-nyeusi na chuma chake kilipita nyuzi 150 (nunua chaki ya joto, ile inayoyeyuka chuma kikifika nyuzi zilizoandikwa juu yake, ni rahisi kuliko shafti ya mteja). Katikati ya hapo kuna kidole kimoja au viwili vinavyokataa patasi. Namba hiyo andika.

Hii ni kwa poda za kupaka baridi, zile za nikeli na alumini chini halafu safu ya chuma juu. Kama kopo linasema poda ni ya kuyeyushwa tena baada ya kupaka, hiyo inapelekwa nyuzi 1,000 na zaidi, na shafti zako ndefu zitapinda vilevile kama kwa arki. Soma kopo kwanza.

Klapeti ya zamani inafaa, ila ifungue uone kiti chake cha mpira. Kikiwa kigumu kimepasuka, kata kingine. Na barakoa ya chembe, ile ya filta, si kitambaa. Nikeli hiyo unayoipuliza haitoki kifuani.