Hadithi ya grupu, waandishi saba, tunataka iwe kitabu. Tunaanzia wapi?

Mwana_Ngamiani:
Wakuu habari za humu. Tupo Tanga, watu saba, tangu mwaka juzi tunaandika hadithi kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja na mhusika wake, leo mimi kesho wewe, na ikifika pagumu wasomaji wanapiga kura, jamaa aingie mapango ya Amboni au arudi zake Makorora. Sasa watu wanataka kitabu cha kushika mkononi, hasa wazee wasio na simu kubwa. Nimeeksipoti chati, imetoka na tarehe, saa, namba za watu, "admini muendelezo lini", matusi mawili matatu, nimeiweka kwenye Word ikaja kurasa 600 na ushee nikafunga laptopu nikaenda zangu kula mihogo. Zile kura zinakaaje kwenye karatasi? Halafu mwenzetu mmoja alitoka grupu kwa hasira, vipande vyake tunafanyaje?

Fundi_Kava:
Kwanza kata, kwenye hizo 600 hadithi yenyewe haifiki nusu, nilishawapangia watu mashairi ya grupu najua ninachosema. Kura zina njia mbili. Ama mnachapa njia iliyoshinda tu inakuwa riwaya ya kawaida, ama msomaji anachagua mwenyewe, "ukiingia pangoni nenda kipande cha 34, ukirudi nyumbani cha 51". Hiyo ya pili tamu ila inaua watu, machaguo mawili kila mara, mara kumi tu bila njia kukutana tayari una miisho 1,024, nani ataandika? Kwa hiyo ziachane halafu zikutane, kama Ngamiani, upite barabara ya nane upite ya tisa mbele unatokea kulekule. Kuna programu ya bure inaitwa Twine, kila kipande kiboksi chake, inakuchorea mishale, kipande kisichoenda popote unakiona hapohapo. Na namba ziwe za vipande sio za kurasa, maana ukibadilisha fonti tu kurasa zote zinahama, msomaji anatumwa kwa mtu aliyeshazikwa.

Mama_Chumbageni:
Mwanangu hilo la aliyetoka usilipite mbio. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 alichoandika ni chake tangu alipokiandika, asajili asisajili, na kutoka grupu sio kutoa ruhusa. Mfuateni kwao na mtu mzima anayemheshimu, Tanga yenyewe hii ndogo. Asaini karatasi, anaruhusu kuchapa, jina lake linakaaje, hela ikipatikana anapata ngapi. Ninyi sita wengine nanyi sainini, msione aibu kwa kuwa mnakunywa kahawa pamoja. Akikataa msizigeuzegeuze sentensi zake, andikeni tukio jingine kabisa. Namba za simu za wasomaji zitoeni zote. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, mtaomba Bodi ya Huduma za Maktaba.

Mwana_Ngamiani:
Shikamoo mama, ahsante. Shida huyo ndiye aliyemwandika bibi wa Pongwe, na bila bibi hakuna kitabu, watu walikuwa wanafungua grupu kwa ajili ya bibi tu.

Msomaji_Kimya:
Mimi sio mwandishi ila hadithi hizi nazifuata sana. Msizifute kura jamani, pale pazito tu wekeni mstari mmoja, wangapi walisema aingie wangapi arudi, maana usiku ule watu hatukulala tunabishana, ukitoa hiyo inabaki hadithi ya mtu kaingia pangoni. Zile "tulipoishia jana" ndio mfute, kwenye kitabu zinachosha. Na mhariri awe mmoja, aangalie mtu asiwe na kovu la kushoto sura ya pili kisha la kulia sura ya tisa, lakini asiwanyooshe wote wakaongea mdomo mmoja, anayeandika Kitanga mwacheni na Kitanga chake.

Fundi_Kava:
Hapo kwenye kovu umenena. Na chapeni nakala chache kwanza, saizi ya A5, wapeni watu watatu wasome na kalamu mkononi ndio mwende kwa mchapaji, mimi nilishaletewa maboksi mazima kipande kimoja kimechapwa mara mbili na kosa lilikuwa letu.

Mwana_Ngamiani:
Mrejesho wakuu. Tumeenda na mjomba wake, tumempata, hasira zimeshuka. Anasaini, ila kwa sharti moja, bibi asife. Na sisi tulishamuua, kura 52 kwa 20.

Fundi_Kava:
Basi ile njia ya pili mnayo tayari. Kipande hicho kimoja tu, msomaji achague.